Kabla ya Kufunga Kontena

Hotuba niliyoitoa katika hafla ya kuchangia wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya yetu. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa pale nilipojirudia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, ndugu zangu wa hapa nyumbani na ninyi mliokuja likizo kutoka Muscat, London na kwingineko, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini kabla hatujaanza kupokea ahadi. Mimi si daktari. Ni fundi wa vifaa tiba, na kazi hiyo nimeifanya miaka 31 katika hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Mgonjwa hanijui. Anayenijua ni nesi wa zamu ya usiku, pale mashine inapoanza kukoroma saa tisa na mtoto yuko juu yake.

Hospitali nyingi nilizopita zina chumba kimoja huko nyuma, karibu na jenereta au karibu na dobi. Mlango wake hufunguka kwa kusukumwa na bega, kwa sababu ndani pamejaa. Ukimulika tochi utaona vitanda vya umeme visivyopanda wala kushuka, mashine za kupimia mapigo ya moyo zilizopasuka vioo, taa za chumba cha upasuaji, viti vya meno. Karibu kila kimoja kina kibandiko chenye jina la aliyekitoa. Chumba kile nimekifagia kwa miaka mingi. Majina mengine nimeyakariri. Na naomba mniamini nikisema kwamba watu wale walitoa kwa moyo safi kabisa. Ndiyo maana jambo hili linanikosesha usingizi: mtu amejinyima, amechangisha, amelipia meli, na kitu chake kimeishia gizani hatua thelathini kutoka kwa mgonjwa aliyekihitaji.

Niwasimulie inkubeta tatu. Hospitali sitaitaja na wafadhili sitawataja. Waumini wa kanisa moja huko Marekani walichanga kwa miaka miwili wakatuletea mashine tatu za kutunzia watoto njiti. Siku ya makabidhiano tulifunga maturubai, akina mama wakapika pilau, utepe ukakatwa. Nikachomeka ya kwanza. Ikatoa mlio kama wa kiberiti kinachowaka, kisha harufu ya waya ulioungua ikajaa wodini. Mashine ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, kama ulivyo wa Marekani. Wetu ni volti 230. Hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukumwambia mtu.

Ya pili niliitafutia transfoma ya kushusha umeme. Ikafanya kazi miezi minne, lakini kwa shida, kwa sababu transfoma inashusha volti tu; haibadili mizunguko. Feni ya mashine ile ilitengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde na umeme wetu una 50, basi ikawa inazunguka polepole na kupata moto. Halafu kikakatika kihisi cha joto, ule uzi mwembamba unaobandikwa tumboni mwa mtoto ili mashine ijue izidishe joto au ipunguze. Niliandika barua pepe kiwandani. Wakanijibu kwa adabu kwamba modeli ile walishaacha kuitengenezea vipuri.

Ya tatu haikuwahi kuwashwa. Nilipohamishwa kutoka pale, manesi walikuwa wanahifadhi humo shuka safi, kwa kuwa mlango wake ulifunga vizuri na panya hawakuweza kuingia. Kila nilipopita nikiziona zile shuka zimekunjwa mle ndani, ilikuwa inaniuma.

Msidhani ni balaa la hospitali moja. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 za kipato cha chini na cha kati. Vifaa 38 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja watafiti ndizo hizi nilizozishika kwa mikono yangu: watu hawakufundishwa, hakuna mpango wa kuvitunza vifaa, na umeme na maji haviaminiki.

Dawa nazo zina habari yake. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh huko Indonesia ulipokea tani 4,000 hivi za dawa za msaada kwa watu wasiofika milioni mbili. Nyingi hazikuwa katika orodha ya dawa muhimu za nchi ile, na nyingi ziliandikwa kwa lugha ambazo mfamasia wa pale hakuweza kuzisoma. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao wakapewa na kazi ya kupanga maboksi na kuteketeza dawa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa mwongozo tangu mwaka 1996: dawa ya msaada iwe imeombwa, iwe inatumika katika nchi inakopelekwa, na ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Ndugu zangu, msitume dawa zilizobaki kabatini kwenu. Hata kama zimegharimu pesa nyingi. Msitume.

Sasa naomba turudi nyumbani, kwa sababu kuna mtu ninayependa kumkumbuka kila tunapokaa kuchangia hospitali. Aliyewahi kulazwa au kumuuguza mtu Muhimbili anazijua wodi zake: Kibasila, Mwaisela, Sewahaji. Tunalitaja jina la Sewahaji kila siku, "yuko Sewahaji, ghorofa ya pili," na wengi hatujui kwamba alikuwa mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo katika karne ya 19, aliyekuwa akiandaa misafara ya kwenda bara. Miaka ya 1890 alitoa fedha ikajengwa hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati ambapo utawala wa Kijerumani uliwajali kwanza Wazungu. Alifariki mwaka 1897. Hospitali ile ikaitwa kwa jina lake kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1950 ilipojengwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru tukaiita Muhimbili.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ya jengo ni wosia. Historia ya Bagamoyo inasimulia kwamba mali zake, majumba na viwanja, aliziacha ili mapato yake yaendelee kuwatunza wagonjwa na wenye ukoma. Mtu yule alifikiria chakula. Alijua kwamba ukishajenga wodi, kesho yake asubuhi kuna mtu kitandani anayetaka uji, na keshokutwa vilevile, na wewe utakuwa umeshakufa.

Sisi watu wa pwani jambo hili tuna jina lake la zamani. Ni wakfu. Unatoa nyumba au shamba la minazi, nyumba haiuzwi, minazi haikatwi, na kodi au nazi zinakwenda msikitini, kisimani, kwa yatima, mwaka hadi mwaka. Wazee wetu hawakuwa na semina za wafadhili, lakini walielewa tofauti kati ya kutoa kitu na kutoa kinachokilisha kitu hicho. Mimi nashangaa namna elimu ile tulivyoiacha. Leo tunakata utepe, tunapiga picha, tunaondoka.

Mashine ya oksijeni ni mfano mzuri, kwa kuwa nimeitengeneza mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Nazungumzia ile inayovuta hewa ya chumbani, ikaichuja na kubakisha oksijeni, sio mtungi. Inafika kiunoni, ina magurudumu manne. Mtoto mwenye nimonia anaweza kuokolewa nayo kwa siku tatu tu. Nyuma yake kuna sponji nyeusi, ukubwa wake kama kiganja. Kazi ya sponji hiyo ni kuzuia vumbi. Inatakiwa kutolewa kila wiki, kuoshwa kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri, kurudishwa. Basi. Isipooshwa, mashine inahema kama mtu aliyezibwa pua, inapata moto, na oksijeni inayotoka inapungua nguvu kidogo kidogo. Nayo haizimiki! Inaendelea kunguruma, taa inawaka, mpira uko puani mwa mtoto, mama anaona mwanawe anatibiwa. Kumbe kinachotoka ni karibu hewa ileile ya chumbani. Nilipopata kwa mara ya kwanza kifaa cha kupimia oksijeni, nilizunguka nacho wodini na kupima mashine tano. Mbili ndizo zilizokuwa zinatoa inavyotakiwa. Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu siku hiyo.

Aliyetoa mashine zile alitumia mamilioni. Kilichokosekana ni sabuni, sponji za akiba, kifaa cha kupimia, stabilaiza ya umeme, na mtu aliyeambiwa, "Wewe kila Jumatatu kazi yako ni hii."

Naomba nitoe na mifano iliyofanikiwa, maana sikuja hapa kuwavunja moyo.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba itatoa bure dawa ya usubi, ule ugonjwa wa inzi wadogo wa mtoni unaopofusha macho, kwa kiasi chote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Angalieni ahadi ile. Hawakusema maboksi mangapi. Hapa kwetu watu wa Mahenge, Tukuyu na milima ya Tanga wanaujua usubi vizuri. Lakini dawa ya bure bandarini haimponyi mtu aliyeko kijijini. Iliyoifikisha ni mikono ya wanakijiji wenyewe. Walichagua mtu wao wa kugawa dawa, akapewa daftari na mti wenye alama. Unasimama kando ya mti ule, kimo chako kinaonyesha umeze kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Mtoto ambaye hajafika sentimita 90 hapewi. Hakuna mzani unaoharibika, hakuna betri. Watafiti waliogundua chanzo cha dawa ile walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, na walistahili. Mimi siku ile niliwawaza pia wale wenye miti na madaftari.

Mfano wa pili ni nauli. Wanawake wenye fistula ya uzazi, wanaovuja mkojo baada ya uchungu wa siku nyingi, wanaweza kutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ilikuwa inawafanyia upasuaji huo bure, na bado wengi hawakuja. Hawakuwa na pesa ya basi. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Pesa inaingia kwenye simu ya balozi, mtu wa kujitolea huko huko kijijini, yeye anamkatia mama tiketi na kumpandisha basi, na mama akishafika balozi naye anapata kifuta jasho. Mchango wa thamani ya tiketi ya basi kutoka Kigoma au Mtwara unamrudisha mwanamke kwenye ngoma za harusi alizoacha kuhudhuria miaka kumi. Kibandiko cha jina lako utakibandika wapi hapo? Hakuna pa kukibandika. Naomba mtoe hivyohivyo.

Na sasa nije kwenye jambo la wodi yetu.

Kamati iliponiomba nishauri tununue nini, nilikwenda kwa sista, inchaji wa wodi ya wazazi. Nilimkuta anabadilisha shuka mwenyewe. Nikamwambia, "Sista, watu wetu wanataka kuisaidia wodi yako. Tukuombee nini?"

Akanitazama. "Fundi, unaniuliza kweli, au unaniuliza halafu ujijibu mwenyewe?"

Nikasema nauliza kweli.

"Basi niletee viti."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanishika mkono akanipeleka kwenye chumba cha watoto njiti. Mama mmoja, msichana tu, aliyejifungua kwa upasuaji siku nne nyuma, alikuwa ameketi kwenye stuli ya mbao isiyo na mgongo. Mtoto wa kilo moja na robo amefungwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kwa khanga iliyochakaa mpaka maandishi yake hayasomeki. Mgongo wa yule msichana ulikuwa unatetemeka. Sista akaniambia, "Nikimlaza kitandani, kitanda kinahitajika na mwingine. Akichoka ananiomba nimweke mtoto pembeni. Nikimweka pembeni, mtoto anapoa."

Huduma hii ya kumfunga njiti kifuani, inayoitwa ya kangaruu, ilianza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu hospitali ile haikuwa na inkubeta za kutosha. Kwa miaka mingi ilionekana ni huduma ya maskini, ya kutumia mpaka upate uwezo wa kununua mashine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ukihusisha watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito mdogo. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watulie kwenye mashine, vifo vyao vilipungua kwa robo. Robo nzima, ndugu zangu! Na katika wodi zile mama hakutenganishwa na mtoto wake. Aliwekewa kitanda humo humo wanamotibiwa watoto mahututi.

Sisemi inkubeta hazina kazi. Zina kazi, na kuna watoto ambao bila mashine hawawezi. Ninachosema ni kwamba mimi, fundi wa miaka 31, nilikwenda pale na orodha ya mashine mfukoni, na orodha ile haikuwa na kiti.

Kwa ninyi mlioko ughaibuni, ambao najua kuna kontena mnaloandaa, nina ombi la mambo ya kawaida kabisa. Kabla ya kufunga kontena, pigeni picha kibati cha nyuma ya kila mashine, kile kinachoandikwa volti, mizunguko na namba ya modeli, mnitumie kwenye simu. Nitawajibu siku hiyohiyo. Kama vipuri havipatikani, nitawaambia msiilete, na msinichukie. Kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kitafutwe kabla meli haijang'oa nanga, maana kontena likikaa bandarini linalipiwa kila siku, na pesa hiyo ni ya wagonjwa. Na kwa kila mashine mnayoituma, wekeni kando fedha ya kuitunza kwa miaka mitatu. Kama fedha haitoshi mashine mbili pamoja na matunzo yake, leteni moja.

Ninajua kuna wanaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli, na mwaka 2001 pale Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Tuendelee kuwadai ahadi hiyo, kwa kura na kwa sauti. Lakini mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, tuliona namna watumishi waliokuwa wakilipwa kwa fedha zile walivyoambiwa wasirudi kazini, kwa barua ya siku moja. Mgonjwa wa ARV hakuwa na habari na siasa za Washington. Alifika kliniki akakuta anayemjua hayupo. Tangu siku hizo nimeacha kabisa kuona aibu ya kuchangisha watu wangu wenyewe, hata shilingi elfu mbili mbili. Pesa ya mtu anayeweza kuja wodini Jumamosi kuona sponji imeoshwa ni pesa ya aina yake.

Sista alinipa hili daftari. Ni la shule, kurasa 48, ameandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mstari wa kwanza: viti sita vya kuegemea, fundi seremala wa hapa sokoni anaweza kuvitengeneza. Wa pili: khanga doti ishirini, zisiwe za nailoni, ziwe za pamba. Wa tatu: unga wa uji wa akina mama wanaokaa wiki tatu na zaidi, na mbele yake ameandika "kila mwezi," akapigia mstari. Wa nne: sponji za mashine za oksijeni na stabilaiza mbili. Wa tano: kifaa cha kubana mguuni mwa mtoto cha kupimia oksijeni ya damu, cha saizi ya kichanga, sio ya mtu mzima. Wa sita: dizeli ya jenereta, lita arobaini, kila mwezi. Wa saba ni posho ya binti wa kijijini aliyewahi kulea njiti wake kifuani, aje kuwafundisha wenzake, naye ni kila mwezi. Inaendelea mpaka wa kumi na mbili. Kila mstari una nafasi pembeni ya kuandika jina, na nafasi nyingine ya kuandika ni miezi mingapi utaubeba.

Mstari wa nne nimeshauandika jina langu, miezi 24. Sponji za kwanza nilizikata jana, ziko kwenye begi langu. Imebaki mistari kumi na mmoja. Daftari naliweka hapa mezani, mbele ya mgeni rasmi, na kalamu hii hapa.